Mashine ya kunusa virusi shuleni: kabla hujatoa mchango, fanya hesabu hii

Swali la wiki hii limetoka kwa baba mmoja wa Kasulu ambaye watoto wake wawili wanasoma shule ya bweni. Anasema katika kikao cha wazazi kuna mtu alionyesha kwenye simu video ya mashine inayonusa hewa ya chumba na kuwaka taa ikikuta virusi. Kikao kikagawanyika. Wapo waliotaka kila mzazi achangie ili shule inunue angalau moja kwa ajili ya bweni la wasichana, ambako mafua na kikohozi havijawahi kuisha tangu muhula uanze. Wengine walisema huo ni utapeli. “Dada, hiki kitu kipo kweli?” ameuliza. “Na kama kipo, tutoe hela?”

Kipo. Julai 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha mjini St. Louis, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Communications maelezo ya kifaa kinachovuta hewa ya chumba, kama lita 1,000 kwa dakika, na ndani ya dakika tano kinasema kama kuna virusi vya korona. Kinavyofanya kazi si uchawi. Hewa inazungushwa kwa kasi ndani ya mtungi ambao kuta zake zimeloweshwa kwa maji maalumu. Vumbi na vitone vya mate vinagonga ukuta na kunata kwenye maji hayo. Kisha maji yanapelekwa kwenye kihisi ambacho kimepakwa kingamwili ndogo sana itokanayo na mnyama wa Amerika Kusini aitwaye lama. Kirusi cha korona kikikamatwa na kingamwili hiyo, umeme unaopita kwenye kihisi unabadilika, na taa inawaka. Kihisi chenyewe kilikuwa kimebuniwa kwa kazi nyingine kabisa, kupima protini inayohusishwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa wazee.

Kwa hiyo aliyeonyesha video hakuwadanganya wazazi wenzake. Tatizo ni yale ambayo video haikusema.

Wazo la kupima hewa lenyewe si geni. Miaka ya 1950 huko Baltimore, daktari aitwaye Richard Riley na wenzake walitaka kuthibitisha kwamba kifua kikuu husambaa kwa hewa, si kwa vyombo wala mashuka. Mashine hawakuwa nayo. Wakachukua hewa ya wodi ya wagonjwa sita, wakaipitisha kwenye mabomba hadi chumba cha juu walikofuga simbilisi wengi, wale wanyama wadogo ambao sehemu nyingine za nchi yetu hufugwa kwa nyama. Simbilisi hawakuwahi kumwona mgonjwa wala kugusa shuka lake, lakini waliambukizwa. Kipimo chao cha hewa yenye ugonjwa kilikuwa na manyoya na miguu minne.

Nasi Tanzania tuna mnyama wetu. Pale Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, limefundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Ila angalia tofauti: panya ananusa makohozi ya mtu anayejulikana, yana namba, na mwenye namba hiyo atatafutwa apewe dawa. Mashine ya hewa inanusa chumba kizima. Ikiwaka taa kwenye bweni la wasichana 60, ni nani kati ya hao 60?

Hapo ndipo hesabu inapoanzia, hata kabla ya kutaja shilingi.

Tuseme shule imepata mashine hiyo bure, msaada wa mtu mwema. Saa tatu usiku taa inawaka. Matroni afanye nini? Awaamshe wote wakalale uwanjani? Awapime mmoja mmoja kwa vipimo ambavyo shule haina? Apige simu kwa wazazi wa Kibondo, Uvinza na Buhigwe waje kuchukua watoto usiku? La maana atakaloweza kufanya ni kufungua madirisha, kumtenga anayekohoa sana na kumpeleka kituo cha afya asubuhi. Hayo yote angeweza, na alipaswa, kuyafanya bila taa.

Na taa isipowaka? Katika majaribio ya watafiti wale, kifaa kilitambua virusi kwa kati ya asilimia 77 na 83 ya sampuli zilizokuwa navyo. Kwa mashine mpya ni kazi nzuri sana. Kwa mzazi maana yake ni kwamba katika kila sampuli tano zenye virusi, kama moja hupita bila taa kuwaka. Halafu kifaa kile kilitengenezwa kwa ajili ya kirusi kimoja. Surua ikiingia bwenini, kimya. Mafua ya kawaida, kimya. Kifua kikuu ambacho si kirusi bali ni bakteria, kimya vilevile. Matroni anaweza kulala kwa amani kwa sababu tu taa haijawaka, na huo usingizi nauogopa kuliko kikohozi chenyewe.

Jambo jingine ambalo video za namna hii huliruka ni kelele. Kuvuta lita 1,000 za hewa kwa dakika kunahitaji feni yenye nguvu, na kifaa kile kinanguruma. Mwalimu wa darasa la tatu ambaye tayari anapaza sauti juu ya watoto 80 na mvua kwenye bati atakizima ndani ya wiki moja. Ningekuwa yeye ningekizima siku ya kwanza.

Sasa shilingi. Mashine za kitaalamu za kukusanya vijidudu hewani huuzwa kwa maelfu ya dola. Tuchukue dola 5,000 kama mfano wa kufanyia hesabu, na dola moja tuiweke shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni shilingi milioni 12.5 kabla ya usafiri, ushuru na fundi wa kuifunga. Wengi wetu tunakumbuka madarasa yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO kuanzia Oktoba 2021, madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Mashine moja inakula zaidi ya nusu ya darasa.

Au pima kwa ruzuku. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Milioni 12.5 ni ruzuku ya watoto 1,250 kwa mwaka mzima. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, vyote vikae kando ili chumba kimoja kiwe na mashine.

Lakini bei ya kununua ndiyo ndogo. Kila mtu aliyewahi kununua printa ya ofisi anajua kwamba hela iko kwenye wino. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa sasa vinakusanya tu kilichomo hewani. Kinachokusanywa kinapelekwa maabara kupimwa, na kila kipimo kina katriji yake. Tunaijua mashine ya GeneXpert inayotumika hospitalini kupima kifua kikuu. Katriji yake moja ya kifua kikuu iliuzwa kwa nchi kama yetu karibu dola 10 kwa miaka mingi, hadi Septemba 2023 iliposhushwa kufika dola 7.97 baada ya shinikizo kubwa la wanaharakati. Ya korona iliuzwa dola 19.80 mwaka 2020. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukipima chumba kimoja mara moja kwa siku kwa bei hiyo ya korona, ni zaidi ya dola 3,800 kwa mwaka, kama shilingi milioni 9.6. Kila mwaka. Chumba kimoja. Kirusi kimoja.

Bado hujalipa mtu wa kupeleka sampuli. Hujahesabu siku ambazo umeme umekatika, wala siku kifaa kinapoharibika na fundi wake yuko Dar es Salaam kama si ng'ambo. Zahanati ngapi mnazijua zenye mashine nzuri ya msaada iliyofunikwa kitambaa kwenye kona kwa sababu kipuri hakipatikani?

Nikirudi kwa baba yetu: la, kwa shule yenu, msitoe hela hiyo. Lakini waliodai kikohozi bwenini ni tatizo la kweli walikuwa sahihi, na kikao kisiishie kwenye kusema mashine ni ghali halafu watu wakaenda kunywa chai.

Fikiria moshi. Mama akiwasha kuni jikoni na mlango umefungwa, hakuna anayehitaji mashine kujua kwamba moshi umejaa. Macho yanawasha, mnakohoa, mnafungua mlango. Virusi na vijidudu vya hewani hukaa vivyo hivyo, vinaelea na kujikusanya, ila havionekani wala havina harufu. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa lugha mpya ya kuyaeleza magonjwa haya, baada ya miaka ya mabishano kati ya madaktari na wahandisi wakati wa korona kuhusu nini hasa kiitwe “cha hewani”. Kwa mzazi, mabishano yale yanaacha jambo moja la kufanyia kazi: hewa ya chumba inabadilishwa mara ngapi?

Na hilo linapimika kwa bei ndogo. Kila tunapotoa pumzi tunatoa hewa ukaa. Hewa ya nje ina hewa ukaa kama sehemu 420 kwa milioni. Chumba chenye watu wengi na hewa isiyotoka, namba hupanda. Chukua darasa la mita 9 kwa 7 lenye watoto 45, idadi ambayo ndiyo kiwango cha serikali, si ile tunayoiona. Ukifunga milango na madirisha barabara, ndani ya nusu saa namba inaweza kupita 2,000. Kwenye namba hiyo, takriban pumzi moja katika kila 25 anazovuta mtoto ni hewa ambayo tayari imepita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Wakiwa watoto 90, mnafika huko kwa robo saa.

Kipima hewa ukaa hakisemi kama kuna virusi. Kinasema kama mnavuta pumzi za wenzenu, na kwa kazi ya shule hilo linatosha. Hakijali ni surua, korona, mafua au kifua kikuu. Kina ukubwa wa simu au redio ndogo, kinatumia betri au chaji ya simu, na hakihitaji katriji. Kizuri kinauzwa kati ya dola 50 na 200. Agosti 2021 serikali ya Uingereza ilitangaza kugawa vipima 300,000 kwa shule za England kwa pauni milioni 25, maana yake kama pauni 83 kwa kimoja. Nchi tajiri yenye kila aina ya maabara ilipotaka kulinda madarasa, haikununua mashine za kunusa virusi. Ilinunua hivi.

Hata hivyo sisemi kila darasa la Kibondo liwe nacho. Dola 100 ni robo milioni ya shilingi, na robo milioni ni ruzuku ya watoto 25. Kimoja kwa kata, au hata kimoja kwa halmashauri kikizungushwa na bwana afya, kinatosha. Huhitaji kupima chumba kilekile kila siku. Darasa halibadilishi madirisha yake usiku. Unapima siku ya baridi ukiwa umefunga, unapima ukiwa umefungua upande mmoja, unapima ukiwa umefungua pande zote mbili, unaandika namba ukutani, unahamia shule nyingine. Ikikaa chini ya 1,000 watoto wakiwa ndani, hewa inatembea. Ikipita 1,500, kuna kazi ya kufanya.

Tahadhari moja kwa watakaoagiza mtandaoni. Vipo vifaa vya bei ya kutupa vinavyoonyesha namba ya hewa ukaa bila kuipima. Kijaribuni: nje, kwenye upepo, kisome karibu na 420. Kipulizieni pumzi, namba iruke. Kisha pakeni kitakasa mikono chenye spiriti karibu yake. Kama namba inapaa kwa harufu ya spiriti, hicho si kipima hewa ukaa, rudisheni. Na msikipime darasani huku jiko la uji linawaka dirishani, kwa sababu moto nao hutoa hewa ukaa.

Sasa dirisha lenyewe, ambalo ndilo mashine tuliyo nayo tayari.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya katika hospitali nane za Lima, Peru, wakipima vyumba 70 vinavyolaza au kupokea wagonjwa. Vyumba vyenye madirisha na milango iliyofunguliwa vilibadilisha hewa yote kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kusukuma hewa, vile ambavyo viligharimu fedha nyingi, mara 12. Na vilivyoshinda vyote vilikuwa vya majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari juu na madirisha makubwa yanayotazamana: mara 40. Wazee wetu waliosoma au kutibiwa kwenye majengo ya zamani ya misheni wanaujua ule ubaridi wa chumba chenye dari juu hata mchana wa Septemba. Halikuwa pambo. Waliojenga vile waliiogopa TB kabla dawa zake hazijapatikana.

Ushahidi kwamba hewa peke yake inaweza kuzima mlipuko upo pia. Chuo kikuu kimoja mjini Taipei kilipata mlipuko wa kifua kikuu, wagonjwa 27, na zaidi ya watu 1,600 waliokaa nao. Vyumba vilikuwa na hewa ukaa kufikia 3,200. Waliporekebisha uingizaji hewa hadi ikashuka kwenye 600, na kuhesabu kwa makini, maambukizi mapya kati ya waliokaa na wagonjwa yalipungua kwa asilimia 97. Walichokitumia kuongoza kazi hiyo ni kipima hewa ukaa, kile kile cha ukubwa wa redio.

Kwetu kufungua dirisha kuna vikwazo vyake, na anayeandika kutoka Dar es Salaam bila kuvitaja hajafika Kibondo mwezi wa Juni. Asubuhi kule kuna baridi ya kuuma. Mtoto aliyetembea kilomita tatu na sweta lililotoboka kiwiko hataki dirisha wazi, na mwalimu naye hataki. Ikifika Julai hadi Septemba, nyasi zinachomwa kila mlima, moshi na vumbi jekundu la barabara vinaingia darasani, madirisha yanafungwa tena. Usiku bwenini kuna mbu, na huko hakuna utani: utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma ana vimelea, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote wa Bara. Na kuna wezi.

Kila kikwazo kina njia yake, na nyingi zinagharimu kidogo kuliko safari moja ya kwenda Kigoma mjini kufuatilia mashine bandarini. Asubuhi ya baridi si lazima dirisha liwe wazi lote. Mianya ya juu, pande mbili zinazotazamana, inatoa hewa ya moto iliyochoka bila upepo kumpiga mtoto kifuani. Wakati wa mapumziko fungueni kila kitu kwa dakika kumi, milango pia. Bwenini, dawa ya mbu ni chandarua kwenye kila kitanda, si dirisha lililofungwa. Wavu wa dirishani unapunguza upepo, ndiyo, lakini dirisha lenye wavu linapitisha hewa kuliko dirisha lililofungwa. Wezi wanazuiwa na nondo. Ila nondo zikiwekwa, angalau dirisha moja la bweni liwe na nondo za kufunguka kutoka ndani na matroni ajue ufunguo ulipo. Mnakumbuka habari za mabweni yaliyoungua na watoto wakashindwa kutoka.

Kwa majengo mapya nina neno na mafundi. Siku hizi kila shule inataka dirisha la aluminiamu la kusukuma, kwa sababu linapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Dirisha hilo likifunguliwa lote, limefunguka nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae mbele ya kingine. Umelipia mita mbili ukapata mita moja ya hewa. Dirisha la mbao au la chuma la kufunguka nje, au tofali za matundu chini ya dari, havipendezi sana ila vinafanya kazi hata matroni akisahau. Kamati ya ujenzi ikikaa, mzazi anaweza kuuliza swali moja tu: dirisha hili likifunguliwa, mkono wangu unapita pande zote mbili? Hilo swali halihitaji uhandisi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya umma, na lita 60 kwa kila mgonjwa wodini. Hakuna mzazi atakayepima lita. Lakini kiwango hicho cha lita 10 ndicho kinacholeta zile namba za chini ya 1,000, kwa hiyo ukiona 800 kwenye kipima, mko pazuri.

Je, mashine za kunusa virusi hazina mahali kabisa? Zinapo, na sitaki msomaji aondoke akidhani ni upuuzi. Machi 2023 jirani zetu Burundi walitangaza mlipuko wa polio; mbali na watoto waliougua, virusi vilipatikana kwenye sampuli tano za maji taka. Mei mwaka huo ikapatikana kwetu Rukwa, na Septemba wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya mpakani, Kigoma ikiwemo, kuwapa matone watoto wa chini ya miaka minane. Hapo kupima mazingira kulilipa, kwa sababu sampuli moja ya maji taka inasemea maelfu ya watu, na nyuma yake kuna chanjo, magari na watu waliolipwa kuchukua hatua. Nikisikia siku moja Wizara ya Afya imeweka mashine ya kupima hewa kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, au kwenye kliniki za kambi kama Nyarugusu iliyopo tangu 1996, sitabisha. Watu wengi, wanaotoka mbali, na timu ya kuitikia ipo karibu. Bwenini kwenu, anayeitikia ni matroni na tochi.

Na si kila ugonjwa wa kutisha unapita hewani. Januari 2025 Marburg ilipozuka Biharamulo, jirani zetu wa Kagera, kifaa cha “kusafisha hewa” kisingesaidia. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti. Hela ya kifaa kile ingefaa zaidi kwenye sabuni na glavu.

Baba wa Kasulu aliongeza swali la pili mwishoni mwa ujumbe, na pengine ndilo lilikuwa la kwanza moyoni mwake. Binti yake anakohoa wiki ya tatu sasa, na shule imempa dawa ya kifua ya maji. Hapo hatuhitaji mashine ya hewa wala kikao. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku au mtoto kupungua uzito, kinapimwa kifua kikuu, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Mfuate shuleni, usisubiri likizo. Mwambie matroni atazame pia anayelala kitanda cha juu yake na cha pembeni. Na ukiwa huko, omba kuona kadi za kliniki za wadogo zake waliobaki nyumbani: chanjo ya surua na rubela ni mara mbili, miezi tisa na miezi 18, na ile ya miezi 18 ndiyo wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na kadi imeshapotelea sandukuni.